Chanzo cha Tumbo la Bwana Magodoro

Asubuhi hiyo Miwani hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameingia zahanati kwa sababu nzito zaidi ya ugonjwa: watu wawili aliowauzia kiwanja kimoja walikuwa wamekutana sokoni na kuanza kuzungumza. Mtu wa kazi yake hana maficho mazuri kuliko foleni ya wagonjwa. Pale kila mtu anatazama mlango wa daktari, hakuna mwenye nafasi ya kumtazama jirani.

Jina la Miwani alipewa na mtaa kwa ajili ya miwani yake mikubwa ya fremu nyeusi. Vioo vyake vilikuwa vya kawaida tu, kama vya dirisha, maana macho ya mwenyewe yalikuwa yanaona vizuri mno, hasa yakielekezwa kwenye mifuko ya watu. Lakini ukivaa miwani ya namna ile na kukunja uso kidogo, watu watakuita mtaalamu kabla hata hujawaambia ni utaalamu wa nini.

Kushoto kwake alikaa bibi mwenye kikohozi, akamuuliza anasumbuliwa na nini. Miwani akamwambia ni tumbo, limemtesa tangu utotoni, na madaktari wameshanyoosha mikono. Bibi akampa pole nyingi na pipi moja. Kulia kwake alikaa mama fundi cherehani, amejikunja, mkono umebana chini ya mbavu. Huyu naye alipouliza, Miwani akamnong'oneza kwamba yeye si mgonjwa hata kidogo, ni mtaalamu aliyekuja kukagua huduma. Uongo wa aina mbili kwenye benchi moja, na wote ukapokelewa kwa heshima zote. Kuna watu huenda kazini wakinung'unika. Miwani hakuwa mmoja wao.

"Basi mtaalamu, mimi panawaka hapa," fundi cherehani alisema, akigusa chembe cha moyo. "Hapa hapa, chini ya kifua. Itakuwa ni nini?"

Kabla Miwani hajafungua mdomo, benchi zima lilikwisha kufungua midomo.

"Hivyo ni vidonda vya tumbo, dada. Panauma ukiwa na njaa, si ndiyo?"

"Vidonda wapi! Kiungulia hicho. Anakula, halafu analala papo hapo."

"Nyongo!" mama mwenye kapu aliruka. "Shemeji yangu alianza hivyo hivyo. Akigusa mafuta tu, mbavu za kulia zinamkata mpaka begani. Kumpima, wakamkuta na mawe."

"Mawe ya kweli?"

"Kama changarawe!"

Bwana mmoja aliyekuwa bado ananukia starehe za jana alisema ubaya wote uko kwenye kongosho, kwamba hiyo ikikasirika inachoma mpaka mgongoni, unabaki umeinama kama unayetafuta sindano. Mwingine akawaonya wasiusahau moyo, kwani moyo nao una hila zake: unaweza kuuma ukijifanya tumbo, na ukiona jasho linakutoka na pumzi inakata, acha kubishana, nenda.

"Na vidonge je?" aliuliza mzee mwenye mkongojo, na kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wote, wakanyamaza. "Hivi vya maumivu mnavyovimeza kila siku juu ya njaa. Mimi vilinichimba tumbo. Siku moja nikaona choo cheusi, kinanata kama lami. Hiyo ni damu, wanangu, inavuja ndani kwa ndani. Ukiona hivyo usimalize hata chai. Mimi nilimaliza chai, nusura nimalizikie hapo hapo."

Wakampa pole, kisha ugomvi ukaanza upya. Mwenye tumbo lake akasahauliwa kabisa. Muuguzi alipomwita fundi cherehani aingie kwa daktari, mama wa nyongo alimshika gauni akamwapisha kwamba akitoka awaambie nani alikuwa sahihi.

Miwani alikaa pale ameduwaa kama mtu aliyeokota almasi. Maisha yake yote alikuwa amewadharau wauza dawa za uongo, watu wa jasho jingi na faida kidogo, kila siku wanakimbizana na polisi na chupa zao. Kumbe bidhaa ilikuwa hii! Dawa inauzwa kila kona, lakini chanzo hakiuzwi na mtu. Chanzo hakina chupa, hakichachi, hakikamatwi. Na uzuri wake ni kwamba kila mtu tayari anacho chake moyoni. Anachokosa ni mtu mwenye miwani wa kukigongea muhuri.

"Samahani, mtaalamu."

Alikuwa mama wa makamo aliyekaa kimya muda wote kwenye kona, mkoba wa ngozi mapajani, pete nene ya dhahabu kidoleni. "Wewe ni daktari?"

"Daktari anatibu, mama," Miwani alisema kwa huzuni ya mtu aliyesoma sana. "Mimi nafanya kazi inayotangulia. Mimi ni mtafuta chanzo."

"Mume wangu anaumwa tumbo. Hapa juu, kama yule dada. Na hospitali hataki hata kuisikia."

"Wengi wako hivyo. Anafanya kazi gani, mzee wetu?"

"Ana duka la magodoro."

Miwani alivua miwani, akaifuta polepole, na kimoyomoyo akatoa shukrani.

Duka lenyewe lilikuwa kubwa, lenye harufu ya plastiki mpya, magodoro yamepangwa mpaka karibu na dari. Juu ya mlango palikuwa na ubao mwekundu wenye maandishi ya kuonekana toka ng'ambo ya barabara: LALA KWETU, UAMKE BILA MAUMIVU. Chini ya ubao huo, juu ya godoro la maonyesho, mwenye duka alikuwa amelala chali, tai shingoni, viatu vimeng'aa, macho yametazama taa. Kwa wateja alionekana anatangaza biashara. Kwa mkewe alionekana anakufa. Mtaa ulimwita Bwana Magodoro, na ilisemwa kwamba mtu aliwahi kuingia kumuuliza njia ya kwenda posta akatoka na godoro la watu wawili na mito yake.

"Chanzo?" Bwana Magodoro alisema baada ya kuelezwa. "Sina haja ya chanzo. Nina gesi."

"Kila mwenye gesi husema hivyo," Miwani alimjibu, akapiga magoti, akaanza kumbonyezabonyeza tumbo. Akamuuliza kama panaunguza au panakata, kama ni njaa inayochokoza au shibe, kama mafuta yanamkera, kama maumivu yanakwenda begani au mgongoni, kama pumzi inampanda akitembea. Yote aliyoyasikia kwenye benchi aliyatoa moja baada ya jingine, bila kupoteza hata neno. Bwana Magodoro akajikuta anajibu. Panaunguza. Njaa ndiyo inayochokoza. Usiku panamwamsha.

"Mbona mnamsumbua, chanzo kinajulikana," ilisikika sauti kutoka kaunta. Huyo alikuwa dada mtu, aliyekuwa akisimamia mauzo na, kwa hiari yake, ndoa ya kaka yake. "Kaka yangu alikuwa mzima mpaka alipoanza kulishwa mafuta."

"Wifi, nimempikia tangu tuoane."

"Ndicho ninachosema. Yamejikusanya."

"Mimi nasema ni mawazo," mke alimgeukia Miwani. "Kila jioni anarudi nyumbani amebeba maneno ya dukani. Hali, halali. Tumbo la namna hiyo litakosaje kuuma?"

"Maneno ya dukani ndiyo maneno yapi, wifi? Yataje!"

Miwani aliinua kiganja. "Chanzo hakipigiwi kelele, kitakimbia. Nipeni siku kadhaa. Nitakuwa nafika hapa mchana, nile anachokula mgonjwa, kwa uchunguzi."

Uchunguzi ukaenda vizuri. Siku ya pili yake dada mtu alimvuta nyuma ya magodoro ya sponji na kumuuma sikio: siku ya kutoa majibu, neno mafuta lisikose. Miwani akasikitika kwamba elimu haina upendeleo. Dada mtu akamwonyesha feni ya kusimama, karibu mpya, na elimu ikalegea. Jioni hiyo hiyo mke alimfuata nje. Yeye alitaka neno mawazo lisikose, akavua pete kidoleni bila hata kuombwa.

"Lakini niahidi kitu kimoja," alisema, na hapo akamshika mkono wa shati. "Utamtazama kweli kweli. Usimtazame juujuu."

"Mama, mimi nikimtazama mtu, nimemtazama."

Wake wenye hofu alikuwa amewaona wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumharibia chakula cha mchana. Mpango wake ulikuwa rahisi: ale siku chache zaidi, kisha siku ya majibu ale kona.

Balaa ni kwamba, kwa kumtazama yule bwana kila mchana huku anatafuna, alianza kumwona kweli. Aliona kwamba Bwana Magodoro akiinuka, mkono hauendi tumboni. Anageuka ubavu wote kwa pamoja kama gogo, anashusha miguu, anajisukuma kwa mikono, na uso unamkunjamana wateja wakiwa wamegeuka. Aliona kwamba chakula kikifika anakisogeza pembeni, anafungua mtoto wa meza, na kuna kitu anakirusha mdomoni haraka kabla mkewe hajamimina maji. Na mchana mmoja kitu hicho kilidondosha ganda lake. Karatasi ya vidonge, vyote vimekwisha. Miwani akaweka kiatu juu yake, akaendelea kula.

Walipobaki wawili, akaiokota na kuiweka mezani.

"Bwana Magodoro, tumbo tumeliongea vya kutosha. Mgongo haujambo?"

Bwana Magodoro alitazama mlango, akatazama dirisha. "Nani amekwambia?"

"Umeniambia mwenyewe, kila unapoinuka."

Yule bwana alishusha pumzi, na kitambi chote kikashuka nayo. "Mwaka sasa. Nakula vidonge hivi kama karanga. Asubuhi kabla ya chai, mchana, nikienda kulala. Bila hivyo sisimami."

"Na mkeo hajui?"

"Hakuna anayejua. Wewe hukusoma ubao wangu pale nje? Maisha yangu yote nimelalia magodoro ya duka hili. Watu wakisikia mgongo wa mwenye duka umekwisha, nitamuuzia nani? Na yule mshenzi wa duka la Usingizi Mwanana, mtaa wa pili! Atabandika picha yangu ukutani kwake!"

Miwani aliona utukufu umemshukia. Vidonge vya maumivu, juu ya njaa, mwaka mzima: hicho ndicho kilikuwa chanzo, cha kweli kabisa, cha kwanza kukipata maishani mwake kwa akili yake mwenyewe. Mwingine angekwenda kukitangaza. Yeye alitambua mara moja kwamba chanzo hicho kina mnunuzi mmoja tu, na mnunuzi huyo hana ujanja wa kupunguza bei.

"Vyanzo hupotea," alisema taratibu, akitazama kucha zake. "Mtu unakitafuta, unakitafuta, hukioni."

"Kipoteze."

"Kukipoteza ni kazi kubwa kuliko kukipata."

Bwana Magodoro akamnyooshea kidole godoro lililosimama peke yake kwenye kona: la springi, la futi sita, bado limo ndani ya plastiki yake, fahari ya duka. Miwani, ambaye kigodoro chake cha nyumbani kilikuwa chembamba mpaka alijua kila ubao wa kitanda kwa jina, alimeza mate. Mkokoteni ukaitwa. Godoro likatolewa, likalazwa juu yake na kufungwa kamba, na msukumaji akasimama kusubiri safari.

Angeondoka hapo hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na yeye angekuwa tajiri. Lakini kila fundi ana majivuno yake. Miwani aliona si vizuri kumuaga mgonjwa bila swali moja la kitaalamu, basi akageuka mlangoni.

"Na choo, mzee? Kikoje?"

"Cha ajabu," Bwana Magodoro alisema, akijifuta jasho ambalo joto la siku hiyo halikulistahili. "Cheusi. Kinanata. Tangu juzi. Na kizunguzungu nacho, sijui ni hii gesi."

Miwani alisimama pale pale, mkono umeshika mlango. Midomo ya yule bwana ilikuwa imepauka, sasa ndipo alipoiona. Nje msukumaji alikuwa anapiga mluzi. Godoro lilikuwa linamngoja, feni iko nyumbani, pete iko mfukoni, na kazi yote ilikuwa imekamilika bila doa. Alichotakiwa kufanya ni kutoka. Akaogopa. Aliogopa kama mtu anayemwona mtoto barabarani, na hofu hiyo ilimkasirisha sana, kwa sababu haikuwamo kwenye mpango.

"Bwana Magodoro," alisema, "hiyo ni damu. Vidonge vimekuchimba tumbo. Twende hospitali sasa hivi, unaweza kufa."

Alikuwa hajasema ukweli mtupu kwa muda mrefu, na ukamtoka vibaya, bila mapambo, bila utamu. Bwana Magodoro akacheka.

"Acha kunitisha, mtaalamu. Umetaka godoro, umepata. Unataka na mito?"

"Sitaki mito! Twende hospitali!"

"Niende wakaniandike mgongo, karatasi zipite mikononi mwa watu, jioni yule mshenzi anazo? Siendi. Nitakunywa maziwa."

Miwani aliona mambo yameharibika kwa haraka ya ajabu. Kumbe ukweli ni kazi ngumu! Unautoa wote mara moja, na mtu akiukataa huna pa kushika. Basi akafunga macho kidogo, akarudi kwenye fani yake.

"Sawa," alisema, sauti imelainika. "Mimi nilitaka uende kwa siri, uonekane kama mgonjwa wa kawaida. Lakini kama hujasikia habari za magodoro ya hospitali kuu, basi nisamehe, nilidhani unajua."

"Magodoro gani?"

"Wanabadilisha vitanda vyote. Wodi zote. Na mkuu wa manunuzi ni mtu wa ajabu, hataki kuona muuza godoro ofisini. Anasema wote waongo. Anataka muuzaji alazwe kama mgonjwa, alalie godoro lao bovu, ndipo amwambie limemkosea nini."

Bwana Magodoro alijiinua kwa kiwiko. "Hiyo ni akili."

"Akili kabisa. Ndiyo maana yule wa Usingizi Mwanana amelazwa tangu asubuhi."

"Amelazwa?"

"Na dripu wamemtundikia."

"Mshenzi yule!" Bwana Magodoro alisimama wima, akayumba, akashika ukuta. "Nipe koti! Dada! Linda duka! Mtaalamu, nishike mkono, nakwenda kulazwa!"

Kutembea hakuweza. Miguu ilimsaliti mlangoni. Wakambeba, Miwani upande mmoja na msukumaji upande wa pili, wakamlaza juu ya godoro la springi lililokwishafungwa kwenye mkokoteni. Safari ikaanza. Dada mtu alitoka mbio na feni ya mkono, mke akatokea sijui wapi akashika ukingo wa mkokoteni, na Miwani, aliyekuwa hajawahi kusukuma kitu maishani mwake, akasukuma. Watu wakasimama kando ya barabara kutazama. Bwana Magodoro, uso umekuwa wa majivu, akainua kidole.

"La springi," aliwaambia kwa sauti hafifu. "Futi sita. Mnaona linavyotulia kwenye mashimo?"

"Nyamaza, baba watoto!" mkewe alilia.

"Siwezi kunyamaza, mke wangu, watu wamejaa."

Hospitalini daktari alikuwa binti mfupi mwenye haraka. Aliuliza, na Bwana Magodoro akamjibu kwamba yeye yuko mahututi, apewe kitanda kibovu kuliko vyote. Kuhusu vidonge, hakuwahi kuvigusa. Miwani akamvuta daktari pembeni na kumpa ile karatasi iliyokwisha, akamwambia yote: mgongo, vidonge, njaa, lami. Daktari alisikiliza bila kupepesa.

"Wewe ni nani wake?"

Miwani alifikiri. Majibu yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa limewahi kufanya kazi mahali fulani. "Nilikuwa napita," alisema.

Wakamwingiza ndani, wakamtundikia damu, wakapitisha kamera mdomoni mpaka tumboni. Nje kwenye korido wale wanawake wawili walikaa kwenye kiti kimoja. Dada mtu alikuwa ameshika mkono wa wifi yake kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtupia mwenzake maneno. Miwani alisimama mbele ya dirisha. Aliweza kuondoka. Alijiambia anaondoka. Daktari alipotoka kusema kwamba wamekuta kidonda kinachovuja, wamekifunga, na kwamba kama ndugu zake wangesubiri mpaka kesho yake pengine wangekuja kuchukua maiti, Miwani bado alikuwa pale, akampa daktari mkono wa shukrani kama ndugu.

Dada mtu alikwenda kulia chooni. Mke alijifuta macho, akamsogelea.

"Feni utamrudishia wifi yangu," alisema. "Pete kaa nayo. Ni ya bati, nimeinunua sokoni kwa ajili yako, ya dhahabu iko nyumbani."

Miwani alitoa pete mfukoni, akaigeuza. Kweli, rangi ilikuwa imeanza kubanduka. "Mama, ulijua?"

"Pale kwenye benchi ulimwambia bibi wa kushoto wewe ni mgonjwa, na wa kulia wewe ni mtaalamu. Mimi nilikuwa kwenye kona, nyuma yenu, nasikia kote kuwili." Akatabasamu kwa uchovu. "Mume wangu nimempelekea madaktari, nimempelekea kaka zake, nimempelekea rafiki zake. Wote wakweli. Wote aliwauzia magodoro, wakaondoka. Nikasema huyu ukweli haumwingii, anahitaji mwongo wa kiwango. Nikaenda zahanati kuomba ushauri, nikakukuta."

"Kwa hiyo ni wewe uliyenichagua."

"Kwa makini sana."

Mambo hayakuishia hapo. Asubuhi yake Bwana Magodoro alifumbua macho, akang'oa mashuka, akataka kujua yule mshenzi yuko wodi gani. Daktari akasema akitembea kidonda kitafumuka. Mke akampigia Miwani simu. Miwani akafika akihema, akamweleza mgonjwa kwamba mpinzani amepewa kitanda cha dirishani, lakini mkuu wa manunuzi amesikika akisifu mtu anayejua kutulia. Bwana Magodoro akatulia. Siku iliyofuata akakataa dawa, na Miwani akaja kumweleza kwamba mpinzani anameza zake bila maji. Akameza. Ikawa kila siku Miwani anapanda zile ngazi na uongo mpya, bila feni, bila godoro, bila hata nauli, na mke anamngoja kwenye korido kumuuliza wa leo ni upi, kisha anamsahihisha pale asipoaminika.

Siku ya kuruhusiwa, mke alikwenda dirishani kuchukua dawa, na wanaume wawili wakabaki kwenye lango la hospitali, mgonjwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, mgongo umefungwa mkanda mpana juu ya shati, wazi kabisa, mbele ya watu.

"Mtaalamu," Bwana Magodoro alisema. "Yule wa Usingizi Mwanana yuko safarini. Ana miezi miwili hajakanyaga mji huu. Mimi mwenyewe nilimwona akipakia mizigo."

Miwani alirudi nyuma hatua moja. "Umejua lini?"

"Nilijua kabla hujamaliza kusema dripu."

"Sasa mbona ulikuja?"

Bwana Magodoro alitazama magari yakipita. Hakuwa anauza kitu wakati huo, na uso wake ulikuwa kama wa mtu mwingine.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Tangu nilipoona kile choo, sikulala. Nilikuwa najua nakufa. Lakini nitawaambia nini watu, mimi niliyejipiga kifua mwaka mzima kwamba ni gesi? Nilikuwa nangoja mtu aniletee sababu ya kwenda ambayo haitanitia aibu. Ulipoileta, nikaidaka."

"Na zile za kila asubuhi?"

"Zilikuwa tamu. Hiyo ya kumeza bila maji ilinichekesha mpaka kidonda kikauma." Akampiga Miwani begani polepole. "Usinielewe vibaya. Unadanganya vizuri."

Miwani alivua miwani. Aliwaza mke kwenye kona ya zahanati, akawaza mume juu ya mkokoteni akiwatangazia watu springi huku anajua kila kitu, akawaza zile ngazi.

"Mzee," alisema, "katika habari hii yote, nani hasa aliyeingizwa mjini?"

"Ukihesabu vizuri," Bwana Magodoro alisema, "ni wewe peke yako."

Mke alirudi na mfuko wa dawa, akawakuta wote wawili wanacheka, mume ameshika mgongo na mwenzake anafuta machozi. Alimpa Miwani mfuko wa dawa na begi la nguo, kwa kuwa mikono yake ilikuwa haina kitu, na Miwani akavibeba mpaka kwenye teksi.